Kula Chakula cha Mataifa Dar es Salaam: Maelekezo ya Fundi Friji

Mimi ni fundi friji. Kuanzia vibanda vya juisi Kariakoo hadi migahawa ya Masaki yenye vitambaa vyeupe mezani, wananiita pale kompresa inapounguruma bila kupoza. Naingia kwa mlango wa nyuma, nafungua friza, nalala chali chini ya meza ya mpishi na tochi mdomoni. Kwa hiyo ndugu na majirani wakitaka kwenda kula chakula cha kigeni, simu ya kwanza ni yangu: "Kaka, mwisho wa mwezi nataka kumtoa mama watoto, tukale Kihabeshi au Kichina? Wapi, na tuagize nini?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Haya, someni hapa.

Kabla ya majina ya vyakula, shikeni jambo moja. Dar ni jiji la joto. Januari hadi Machi mchana unapita nyuzi 30, na jikoni penye majiko sita ni zaidi ya hapo. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu vinaanza sherehe, na baada ya muda wa saa mbili sherehe imenoga. Kwa hiyo mimi sichagui hoteli kwa taa wala kwa picha za mtandaoni. Nachagua kwa mzunguko: chakula kinatoka jikoni kila baada ya dakika ngapi, na nani anakila. Kila taifa lililopika hapa lina siku yake na saa yake ambayo jiko linawaka kwelikweli, wenyewe wakiwa wamejaa mezani. Nenda saa hiyo. Ukienda saa nyingine utakula kilichobaki cha saa hiyo.

Anzia Kisutu

Kama hujazoea vyakula vya kigeni usianzie Masaki. Panda mwendokasi, shuka kituo cha Kisutu kwenye Barabara ya Morogoro, halafu tembea kwa miguu kwenye mitaa ya Wahindi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwepo tangu Sultani Majid alipoanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, kwa hiyo chakula chao hapa kina umri wa jiji lenyewe, na bei zake ni za watu wanaorudi kesho.

Kama ni saa kumi jioni, agiza mix. Ni bakuli la viazi, bhajia na kachori ndani ya rojo lenye ukali wa embe mbichi au ukwaju, juu yake chatini ya nazi na vitu vya kutafuna vinavyolia kwenye meno. Waunguja wataliita urojo na kukuambia la kwao ni bora. Usibishane nao, wala usiwaamini. Mix inaliwa jioni kwa sababu bhajia zinakaangwa jioni. Ukiikuta asubuhi, bhajia hizo ni za jana.

Mchana kati ya saa saba na saa nane ndipo pa thali. Hii ni sinia ya chuma yenye vibakuli: dali, mboga mbili au tatu, achari, rotli (chapati nyembamba) za moto, wali, na maziwa ya mgando yaliyotiwa maji na bizari ya pilau. Kwenye hoteli nyingi za thali mhudumu anapita na ndoo yake na kukuongezea bila kukuuliza, na bei haibadiliki. Ukishiba funika sinia kwa kiganja, ndiyo ishara. Kula rotli kwanza na mboga, wali uje mwishoni na dali, kisha ushushie na yale maziwa. Ukianza na wali kama tulivyozoea utashiba kabla hujaonja nusu ya vilivyopo.

Wahindu wafuasi wa Swaminarayan hawali kitunguu wala saumu, kwa hiyo kwenye jiko lao mpishi anatia mvuje kwenye mafuta ya moto ili dali ipate ladha. Ndiyo, mvuje uleule ambao bibi zetu wa pwani walimfungia mtoto kwenye kitambaa dhidi ya jicho baya. Kwenye kikaango una kazi nyingine na unaifanya vizuri.

Na kwa siri ya fundi: umeme ukisumbua mji mzima, hoteli ya mboga tupu ndiyo salama kuliko zote. Hakuna nyama ya kuoza. Kunde zinakaa kwenye magunia, mboga inanunuliwa asubuhi. Friji zao ni ndogo na sipati hela nyingi kwao, lakini mchana ndiko ninakokula.

Jioni mitaa hiyohiyo inageuka ya moshi. Mamboz pale Barabara ya Morogoro ndilo jina ambalo kila mtu atakutajia kwa mishkaki na kuku wa kuchoma, lakini yako majiko mengi ya mkaa barabarani kuelekea Upanga. Usitazame kinachoiva, tazama nyama mbichi iko wapi. Mchomaji mzuri analetewa mishikaki michache kutoka kwenye friji, inakwisha, analetewa mingine. Ukiona beseni kubwa la nyama iliyolowekwa limekaa pembeni ya jiko tangu magharibi, likipigwa na joto la mkaa, salimia na uendelee na safari.

Kuku paka nakutajia kwa sababu ukiondoka Afrika Mashariki utampata kwa shida. Kuku wa kuchoma anamalizikia kwenye mchuzi mzito wa nazi, na mayai ya kuchemsha na viazi. Ni chakula cha Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, wa huku kwetu, mkono wa Gujarat kule India na nazi ya pwani. Hoteli nyingi hazina kila siku, kwa hiyo piga simu asubuhi uulize.

Kihabeshi: nawa mikono, nenda na watu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea na kutoka wakisema chakula kichungu.

Hoteli ya Kihabeshi, yaani ya chakula cha Ethiopia, iliyo maarufu zaidi ni Addis in Dar, upande wa Mikocheni, na kuna nyingine ndogo ndogo ambazo Wahabeshi wanakwenda wenyewe. Usiende peke yako. Chakula chao kinaandaliwa kwenye sinia moja la watu wote, na mtu mmoja akiagiza atapata mchuzi mmoja tu wa kuchosha. Watu wanne wanatosha kabisa.

Sinia linatandikwa injera, mkate mpana, laini, wenye vijitundu, unaotengenezwa kwa unga wa teff, nafaka yao ndogo, uliochachuka siku mbili tatu. Ukali wake ni wa makusudi. Mtoto wa Kiswahili aliyekua na chapati za maji ataona kama zimeharibika. Mwambie asubiri mpaka ameokota nao mchuzi wenye pilipili, maana ukali na pilipili ndio wanaozungumza. Unakata kipande kwa mkono wa kulia, unabana nacho mchuzi, unakula. Hakuna kijiko. Injera iliyoko chini, iliyokunywa mchuzi wote, ndiyo tamu kuliko zote na inaliwa mwisho. Nimeona wageni wakiiacha wakidhani ni sahani.

Cha kuagiza: doro wat, kuku na yai la kuchemsha kwenye mchuzi mwekundu wa berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo. Vitunguu vyake vinakaangwa muda mrefu sana bila mafuta mpaka vinayeyuka, kwa hiyo doro wat iliyoletwa baada ya dakika kumi ilipikwa mapema, na hiyo si kasoro, mchuzi huo unapenda kulala. Ongeza shiro, uji mzito wa unga wa dengu, na sinia la mboga.

Sasa siku. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, mayai na maziwa karibu kila Jumatano na Ijumaa, pamoja na Kwaresima yao ndefu. Siku hizo jiko linahamia kwenye mboga: dengu nyekundu, kabichi, sukumawiki, biringanya. Mpishi anawapikia watu wake, na mkono wake wote uko huko. Nenda Jumatano au Ijumaa kwa mboga. Kwa nyama chagua Jumamosi na Jumapili.

Kuna kitfo. Ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikatiwa siagi ya viungo na pilipili, kwa asili yake mbichi. Wenyewe wanaipenda hivyo, na siwasemi. Mimi nikijua umeme wa wiki hiyo ulivyokuwa, naomba ya leb leb, yaani iliyopitishwa moto kidogo, na hata hiyo naomba wazidishe moto. Usione aibu kuomba.

Mwenzako akikuzungushia tonge na kukulisha mdomoni, fungua mdomo. Ni heshima inayoitwa gursha. Ila wakwe wakiwepo, mwambie mapema mama mkwe asije akashtuka.

Kahawa usiikimbie. Inakaangwa mbele yako, moshi unapitishwa uunuse, kisha inapikwa kwenye jebena, birika la udongo, na kumiminwa mara tatu: abol, tona, baraka. Ya kwanza ni nzito, ya tatu nyepesi. Ukiondoka baada ya kikombe kimoja umeondoka katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo fika saa moja jioni, si saa tatu.

Kwa Wachina, kodoa macho kwenye meza za wenzako

Hoteli za Kichina Dar ziko za aina mbili, na tofauti utaiona kwenye menyu. Aina ya kwanza imejifunza kutupikia sisi: wali wa kukaanga, kuku wenye utamu wa sukari, chow mein, yaani tambi za kukaanga. Ni chakula kizuri, na watoto wanakipenda. Aina ya pili wateja wake ni Wachina wa maduka ya Kariakoo na wa makampuni ya ujenzi. Menyu yake ni kitabu kinene cha picha, meza ni za mviringo, na Jumapili jioni hupati kiti.

Kwenye aina ya pili usisome menyu. Tazama meza ya jirani, mwite mhudumu, mara nyingi ni dada wa hapahapa, umuulize: "Dada samahani, wale pale wanakula nini?" Swali lingine lenye faida: "Leo mpishi anakula nini mwenyewe?" Nimepata vyakula vitamu kwa swali hilo kuliko kwa menyu yoyote.

Sahani zote zinawekwa katikati na kila mtu anachota. Watu watano wanaagiza sahani nne au tano tofauti: moja ya majani, moja ya samaki, moja ya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), moja yenye mchuzi. Usiruhusu kila mtu aagize yake, utapata wali tano za kukaanga na hasira. Mapo tofu ikiwa na pilipili halisi ya Sichuan itakufanya midomo ife ganzi. Usiogope, inapita.

Kwa asiyekula nguruwe, sema mapema na useme kamili. Neno "kitimoto" mhudumu wa hapa anaelewa, lakini ujumbe ufike jikoni: si nyama tu, hata mafuta yake, maana mboga za majani na maandazi ya mvuke vinaweza kupikwa nayo. Kwa anayetaka halali kabisa, kikaango kikiwa kimoja hakuna maelezo yatakayokisafisha. Nenda kwa Wahindi Waislamu wanaopika "Kichina" chao chenye bizari na pilipili, mapishi ya aina yake ambayo Mchina hatayatambua, ila ni matamu.

Samaki mbichi: maneno ya fundi

Sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki mbichi, imeingia Masaki na Oysterbay, na vijana wananiuliza kama ni salama. Jibu langu linatoka kwenye friza.

Samaki wa baharini anaweza kuwa na minyoo midogo. Inakufa samaki akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Friza ya kawaida, hata ikiwa nzima, inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, na ikifunguliwa kila dakika haifiki hapo. Hoteli ya sushi inayojua kazi yake ina friza ya peke yake kwa samaki, yenye kipimo kinachoonekana, na haimpi kila mpishi ruhusa ya kuifungua. Unaweza kuuliza. Mpishi anayeelewa atafurahi kuulizwa. Asiyeelewa atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu la kutosha.

Jodari ana shauri lake. Minyoo kwake si tatizo kubwa. Tatizo ni joto. Akikaa nje ya barafu saa kadhaa, nyama yake inatengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Hata nguru ni hivyohivyo. Ukila mdomo unawasha kama umelamba pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Watu wanadhani wana mzio wa samaki, kumbe samaki alichelewa kufika kwenye barafu. Kwa sababu hiyo jodari wa kuliwa mbichi nampenda mahali penye foleni ya wateja. Ukinunua mwenyewe soko la samaki la Feri, fika alfajiri na ndoo yako ya barafu, usingoje kuikuta huko.

Wasabi ni ile tonge kali ya kijani inayokuja na sushi. Si parachichi. Basi.

Mengine kwa haraka

Pizza sina maneno mengi: tafuta tanuri la kuni, kaa ulione. Msasani yapo. Pasta ya kwenye hoteli kubwa mara nyingi ni bei ya mandhari ya bahari, na bahari ileile utaipata Coco Beach na muhogo wa kukaanga wenye pilipili kwa shilingi kidogo sana.

Walebanoni ni wazuri kwa vitu vya baridi vya kuanzia, hummus (dengu zilizopondwa) na majani ya parsley yaliyokatwakatwa na limau, na mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Shawarma ni ya saa mbili usiku na kuendelea, foleni ikiwa ndefu. Ile nyama ya kuzunguka ni salama pale inapokatwa mfululizo. Nje imeiva, ndani bado. Mchomaji akizima moto kwa sababu wateja wamepungua, halafu akauwasha tena ukifika, badilisha wazo.

Mandi ya Kiyemeni, mbuzi juu ya wali mrefu, ni chakula cha Ijumaa mchana baada ya swala. Kula kwa mkono, mkiwa mmekaa wengi. Kumbuka kati ya saa sita na nusu na saa nane Ijumaa hoteli nyingi za Waislamu mjini zinafungwa. Mwezi wa Ramadhani mchana mji wa Kisutu na Kariakoo unanyamaza, lakini baada ya magharibi hakuna mahali pazuri zaidi: sambusa zinatoka kwenye mafuta kwa mamia, na hakuna kinachopata nafasi ya kupoa.

Vipimo vinne vya mtu asiye fundi

Agiza maji au soda kwanza. Ikija ya vuguvugu, jiulize nyama yao inalala wapi. Pili, tazama mpira wa mlango wa friji ya vinywaji: ukiwa mweusi kwa kuvu na umepasuka, baridi inavuja, na mwenyewe anajua ila hajaniita. Tatu, aiskrimu yenye chengachenga za barafu iliyeyuka ikaganda tena, kwa hiyo kila kilichokuwa nayo kwenye friza kilifanya vivyo hivyo.

La nne ndilo ninalolipenda. Umeme ukikatika na jenereta likawaka, muulize mhudumu kwa upole: "Jenereta lenu linabeba na friza, au taa tu?" Sehemu nyingi nilizoingia, jenereta linabeba taa, muziki na mashine ya kahawa. Friza iliyojaa na iliyofungwa inaweza kuhimili hadi siku mbili. Friji ya kawaida ni kama saa nne tu. Kama mtaa umekuwa hauna umeme tangu asubuhi, kula vya mboga au vinavyochomwa mbele yako.

Hela

Kabla ya kuagiza soma chini kabisa ya menyu, kwenye maandishi ya mchwa. Baadhi ya migahawa huandika kwamba bei haina VAT, yaani kodi ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 itaongezwa. Kwa kiwango hicho chakula cha shilingi 60,000 kinakuwa 70,800, na wengine wanaongeza ya huduma juu yake. Mjini Kisutu bei uliyoona kwa kawaida ndiyo utakayolipa. Lipa namba zipo karibu kila mahali, lakini hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la hoteli na si la mhudumu, kisha udai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi.

Ukibakisha, fungasha, ila usizunguke nacho. Mchuzi wa Kihabeshi na dali vinavumilia mpaka ufike Mbagala kwa daladala ukivichemsha ukifika. Wali hauvumilii: una kijidudu ambacho mbegu zake haziuawi na kupikwa, na ukikaa kwenye joto la mfuko wa nailoni kinaacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Sushi iliyobaki mwachie mwenye hoteli aitupe mwenyewe. Shawarma imalize hapohapo umesimama, maana ukimpelekea mtu nyumbani kwa foleni ya Barabara ya Kilwa saa mbili usiku, kesho asubuhi atakupigia simu wewe, na wewe utanipigia mimi.